Marehemu Bado ni Mmiliki: Mnada wa Mirathi na Magari ya Juba

Februari 1863 Mwingereza Samuel Baker aliwasili Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe kilichokuwa ukingo wa mashariki wa Nile Nyeupe, jirani kabisa na ilipo Juba ya leo. Miaka mitatu baadaye alichapisha kitabu chake The Albert N'yanza, na humo akaeleza jinsi biashara ile ilivyoendeshwa. Kikosi cha mfanyabiashara kilivamia kijiji alfajiri, kikateka ng'ombe na watu. Ng'ombe walibadilishwa kwa pembe. Watu walinadiwa papo hapo, wanunuzi wakiwa ni askari wa mfanyabiashara huyo huyo, na bei ikakatwa katika mishahara yao. Kinachoshtua zaidi katika maelezo ya Baker ni karatasi. Kwa kuogopa serikali na mabalozi wa Ulaya, karani hakuandika kwamba askari fulani amenunua mtumwa kwa piasta 1,000. Aliandika sabuni 50, kofia 100, araki 500, viatu 200, kitambaa cha pamba 150. Hesabu inakwenda sawasawa hadi piasta ya mwisho, na ndani yake binadamu hayumo.

Mnada huo wa Gondokoro unafaa kukumbukwa na yeyote anayejiuliza swali ambalo kwa sura linaonekana dogo: kwa nini Juba, mji uliojaa magari kuliko barabara zake zinavyostahili, haujajenga desturi ya kuuza mali ya marehemu kwa mnada wa wazi? Chukua mtaa wa New Site. Ni mtaa uliokua baada ya Mkataba wa Amani wa 9 Januari 2005, wakati waliokuwa porini, uhamishoni na kambini walipomiminika mjini. (Usichanganywe na New Site ile nyingine, kambi ya SPLA, jeshi la waasi wa kusini, iliyo upande wa mpaka wa Kenya, ambako helikopta ya kiongozi wake John Garang ilikuwa ikielekea ilipoanguka 30 Julai 2005.) Katika mitaa ya aina hii si jambo geni kukuta Land Cruiser limesimama uani, magurudumu yameishiwa upepo, jua limekwisha kulibabua dashibodi, na mwenye gari alikwisha kuzikwa. Halijauzwa, wala halitembei, na halina aliye tayari kusema kwa sauti kwamba ni lake. Wapo watakaosema ni umaskini, au ujinga wa thamani ya vitu vya kale. Mimi nasema sababu ni ya kihistoria, na ina pande mbili: katika sehemu hii ya Nile mauzo ya hadhara yalizaliwa pamoja na uporaji na karatasi za uongo, na kwa jamii nyingi za hapa marehemu hakomi kuwa mmiliki kwa sababu tu amekufa.

Kwanza tuelewane juu ya kile kinachouzwa katika mnada wa mirathi, hasa ule wa magari ya kale na vitu vya kumbukumbu. Watu hudhani kinachouzwa ni chuma. Sivyo. Tarehe 6 Februari 2015, mjini Paris, kampuni ya Artcurial iliuza magari 59 ya marehemu Roger Baillon, mfanyabiashara wa malori wa magharibi ya Ufaransa. Baillon alikuwa na ndoto ya kujenga makumbusho, biashara ikamwendea kombo miaka ya 1970, sehemu ya magari ikauzwa, na yaliyobaki yakakaa mabandani kwa miongo kadhaa hadi warithi wakawaita madalali. Mengi yalikuwa kutu tupu. Lakini Ferrari moja, 250 GT California Spider ambayo mwigizaji Alain Delon aliwahi kupigwa picha nayo, ilikutwa chini ya rundo la magazeti na ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Mnada mzima ulileta takribani euro milioni 25. Wanunuzi walilipia nasaba: namba ya chesisi inayolingana na vitabu vya kiwanda, picha za mmiliki maarufu, mfululizo wa majina kutoka mkono hadi mkono, na familia iliyosimama mbele ya watu ikasema, hii ni mali ya babu yetu na tuna haki ya kuiuza. Ondoa nasaba hiyo, Ferrari ile inabaki chuma kizuri chenye mashaka.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Karen Blixen alipoondoka Kenya mwaka 1931, shamba lake la kahawa likiwa limefilisika, samani za nyumba yake ziliuzwa, na baadhi zikaishia katika Maktaba ya McMillan jijini Nairobi. Zilikuwa samani za mkulima aliyeshindwa, wala hazikuwa na ajabu. Baadaye kitabu chake kilisomwa duniani kote, filamu ikatoka 1985, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ghafla kabati na meza zile zikawa za kutafutwa, na kilichowezesha zitambulike ni kwamba ilijulikana nani alizichukua na zilikaa wapi. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yanaonyesha Rolls-Royce ya enzi za magavana ambayo baadaye ilimbeba Julius Nyerere; yale ya Kampala yana Mercedes ya Idi Amin. Ng'oa jina la Amin kwenye Mercedes ile na utakuwa na gari kuukuu la Kijerumani ambalo fundi wa mtaa wa Kisenyi angelichinja kwa spea.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, ambalo husemwa kwa ujasiri na wageni na hata na baadhi yetu: kwamba mapenzi ya vitu vya kale ni anasa ya walioshiba, na kwamba watu wa Sudan Kusini wana mambo mengine ya kufikiria. Pingamizi hili haliwajui watu wa Sudan Kusini. Ni vigumu kupata jamii duniani inayoshika nasaba ya mali kwa makini kuliko wafugaji wa Nile. Kwa Wadinka na Wanuer, fahali hana thamani ya nyama tu. Ana rangi yenye jina lake, ana pembe zilizopindwa kwa makusudi, ana nyimbo, na kijana hubeba jina la fahali wake. Baba yake Garang aliitwa Mabior, jina la fahali mweupe. Ng'ombe aliyetolewa mahari hufuatwa kwa kumbukumbu hadi kwa wajukuu: alitoka kwa nani, aliingia zizi gani, alizaa ndama wangapi, na yule ndama wa tatu alikwenda kuoa nani. Kesi za mahari husikilizwa na machifu miaka mingi baada ya harusi, na mashahidi hutaja ng'ombe mmoja mmoja. Mkusanyaji wa magari wa Ulaya anayekariri namba za injini angekuta hapa walimu wake. Kwa hiyo hisia ya nasaba ipo tele. Kinachokosekana ni daraja la kuitoa kwenye ng'ombe na kuipeleka kwenye gari, na tena kuitoa kwenye kumbukumbu ya ukoo na kuipeleka mahali ambapo mgeni mwenye fedha anaweza kuikagua.

Daraja hilo linakwama kwanza kwenye swali la nani amekufa. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wanuer miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake juu ya undugu na ndoa zao mwaka 1951, alieleza kwa kirefu ndoa inayofungwa kwa jina la marehemu. Mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake huoa mke kwa ng'ombe wa marehemu na kwa jina la marehemu, na watoto wanaozaliwa ni wa yule aliyelala kaburini. Wadinka wana desturi inayofanana nayo, na kwa wote wawili mjane wa kawaida hubaki katika ukoo, akitunzwa na ndugu wa mume. Si kila kabila la Juba hufanya hivyo. Wabari, wenye ardhi ya mji, wana taratibu zao, na makanisa yamebadilisha mengi. Lakini wazo la msingi limeenea, na lina mantiki yake: mali ya mtu haifungwi kwa kifo chake, kwa sababu mtu mwenyewe hajafungwa. Bado anaoa, bado anazaa, bado ana zizi. Sasa mlete dalali hapo na umwambie auze gari la marehemu. Atauza kwa niaba ya nani? Nyundo yake inasema kwamba habari ya mtu huyu imekwisha, tugawane kilichobaki. Na ukoo unasema habari yake inaendelea. Gari linalooza uani New Site, kwa macho hayo, lingali mikononi mwa mwenyewe.

Pwani mambo yalikwenda kinyume, na sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko ya tabia. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yaliyopangwa. Mke ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumuni, mwana wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, madeni na wasia hutangulia. Jahazi haligawanyiki kwa nane, wala mlango wa kuchonga. Kinachofuata ni kuuza na kugawa thamani, na njia iliyo safi kuliko zote ya kujua thamani ni kumwita dalali atangaze mbele ya watu. Hivyo Unguja, Mombasa na Lamu, mnada wa mali ya marehemu ulikuwa kazi ya kawaida chini ya macho ya kadhi, na masanduku, saa, vyombo vya Kichina na baadaye magari yalipita njia hiyo bila aibu.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na atakuwa na haki. Je, Unguja haikuwa na soko la watumwa? Watu walinadiwa Mkunazini mchana kweupe hadi mkataba wa Juni 1873 ulipolifunga soko, na Kanisa Kuu la Kianglikana likaanza kujengwa juu ya uwanja ule mwaka huo huo. Kama mnada wa binadamu ndio ulioitia Juba doa, mbona haukuiharibia Unguja mnada wa mirathi? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake ndilo kiini cha hoja yangu. Unguja, mnada ulikuwa chombo kimoja ndani ya ghala kubwa la vyombo: kulikuwa na kadhi, hati za wakfu, rehani zilizosajiliwa, majina ya mashahidi, mabaniani waliotunza daftari za vizazi viwili. Chombo kilitumika kwa uovu mkubwa, na pia kilitumika kumpa yatima haki yake. Soko la Mkunazini lilipofungwa, taasisi zilizokuwa zikiuzunguka mnada zilibaki. Gondokoro mnada ulifika peke yake, umebebwa na bunduki, bila kadhi wala msajili, na karatasi pekee iliyofuatana nao ilikuwa ile ya sabuni na araki. Uvamizi ulipokwisha hakikubaki kitu. Tena Unguja yenyewe inathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mali za wengi zilitaifishwa au ziliachwa na waliokimbia, na hadi leo maduka ya Mji Mkongwe yana saa za ukutani, fremu za picha na makabati yasiyo na majina ya waliokuwa wenyewe. Yanauzwa kwa watalii kwa bei ya mapambo.

Uganda walilipata somo hilo kwa kasi zaidi. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka, nyumba, viwanda na magari yalibaki, na serikali ikaunda bodi ya kuyasimamia, lakini mengi yaligawiwa askari na wapambe kabla hata orodha haijakamilika. Sheria ya kurejesha mali ilipitishwa 1982, na nyumba nyingi zilirudi mikononi mwa wenyewe katika miaka ya 1990 kwa kuwa nyumba ina hati na haihami. Magari hayakurudi. Kitu kinachotembea kikishapoteza karatasi yake, kimepotea.

Turudi Juba, tuangalie magari yake yanavyosimulia. Waingereza waliianzisha Juba kama makao makuu ya mkoa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakiiacha Mongalla. Wakati huo gari kusini mwa Sudan lilikuwa bado ni kioja. Msafara wa Chaplin Court Treatt, uliotoka Cape Town mwaka 1924 na kufika Cairo Januari 1926 kwa magari ya Crossley, ulipita nchi hii ukihangaika na mabwawa na mito. Kisha wakaja Wagiriki, waliofungua maduka ya kuwahudumia maofisa na wanajeshi, wakajenga nyumba za mawe ambazo baadhi zingali zimesimama, wakaleta malori. Hao ndio waliokuwa na mazingira ya mnada wa mirathi wa kawaida: maduka yenye vitabu vya hesabu, warithi walio mbali Ugiriki, mahakama ya kikoloni. Jeshi la Uingereza nalo lilikuwa na desturi ya zamani ya kunadi vitu vya ofisa aliyefariki miongoni mwa wenzake, fedha zikapelekwa kwa familia. Mbegu ilikuwepo. Lakini maasi ya askari wa kusini mjini Torit yalizuka Agosti 1955, kabla hata ya uhuru wa Sudan, vita vikafuata, na mwaka 1970 serikali ya Jaafar Nimeiri ikataifisha mabenki na makampuni ya kigeni. Jumuiya ya Wagiriki wa Sudan ilianza kupukutika. Mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972 ulileta pumzi ya miaka kumi na moja tu.

Kuna alama moja ambayo mpenzi wa magari hawezi kuikosa. Hadi 1973 Sudan iliendesha upande wa kushoto kama Waingereza walivyoiacha. Mwaka huo ikahamia kulia. Kwa hiyo gari la zamani kweli la Juba lina usukani wa kulia, la enzi za Khartoum lina usukani wa kushoto, na baada ya 2005 usukani wa kulia ukarudi kwa wingi, safari hii katika magari yaliyotumika Japani yakapitia Mombasa na Kampala hadi Nimule, ingawa sheria ya barabarani haikubadilika. Serikali tatu zimeandikwa kwenye dashibodi. Katikati yake yamo magari meupe ya misaada, yaliyoingia tangu Operesheni Lifeline Sudan ilipoanza 1989, na yale ya vita ambayo SPLA iliyateka au iliyapokea. Gari lililowahi kuwabeba makamanda vitani miaka ya 1990 lingestahili kukaa makumbusho, au kuuzwa kwa mkusanyaji anayejua anachokinunua. Nairobi ina mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, tangu 1970. Mbio za Safari zilianza 1953, na mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya magari ya kale yanayofuata nyayo zake. Wanunuzi wapo siku mbili kwa barabara.

Karatasi ndizo hazipo. Taifa zima linajua uchungu huo: nyaraka za serikali za kusini, zilizonusurika vita na mchwa, zilihifadhiwa miaka kadhaa ndani ya hema mjini Juba, wakati wahifadhi wakisaidiwa na Taasisi ya Bonde la Ufa kuzipanga na kuzipiga picha. Kama kumbukumbu za dola zilikaa hemani, kadi ya gari la mtu binafsi ingekaa wapi? Halafu vikaja vita vipya, 15 Desemba 2013 na tena Julai 2016. Katika vurugu za 2016 ghala kuu la Shirika la Mpango wa Chakula lilivunjwa na zaidi ya tani 4,500 za chakula zikachukuliwa. Nyumba za watu ziliporwa pia, na magari yakabadilisha mikono bila muuzaji. Baada ya siku kama hizo, anayesimama hadharani na kusema "nauza gari" anajiuliza mara mbili, na anayenunua anajiuliza mara tatu. Kila mauzo ya wazi yananuka Gondokoro, hata kama hakuna anayelikumbuka jina hilo.

Wengine watasema haya yote ni falsafa, na kwamba sababu halisi ni sarafu. Desemba 2015 serikali iliacha kuifunga bei ya pauni kwa dola. Ikaporomoka kwa siku moja kutoka takribani 3 hadi zaidi ya 18 kwa dola moja, na imeshuka sana tangu hapo. Mrithi mwenye akili, wasema, habadilishi Land Cruiser kwa karatasi itakayooza kabla gari halijaoza. Nakubali kwamba sarafu mbovu imezidisha ugonjwa. Sikubali kwamba ndiyo iliyouanzisha, kwa kuwa Juba watu huuziana viwanja, magari na ng'ombe kila siku kwa dola, kimyakimya, chini ya mti au ndani ya ofisi. Mauzo hayakosekani. Kinachokosekana ni uwazi wake.

Mfano bora ni mashirika yenyewe. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada huuza magari yao yaliyochoka kwa zabuni: orodha hutolewa, magari hukaguliwa uani siku zilizotajwa, kila mtu huandika bei na kuifunga ndani ya bahasha, na mshindi hulipia ushuru kwa kuwa gari liliingia nchini bila kutozwa. Ni utaratibu safi, na umewapa Juba magari mengi. Lakini ni utaratibu wa watu wasioaminiana. Hakuna anayemsikia mwenzake. Mjane akiuliza gari lilifikia bei gani na nani aliipandisha, jibu liko kabatini kwa ofisa manunuzi. Shirika halihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu shirika halina wajane. Familia inahitaji.

Lipo pingamizi la mwisho ambalo sitalipita haraka, maana linauma. Ukiwa na mnada wa wazi mahali penye bunduki nyingi, atashinda mwenye bunduki. Na tena, uwazi peke yake si usafi. Oktoba 2018 posa ya binti mdogo nchini humu ilisambazwa kwenye Facebook, wanaume wakishindana kwa ng'ombe zaidi ya mia tano, magari matatu na dola 10,000. Kampuni ya Facebook iliondoa tangazo mwezi uliofuata, baada ya binti kuwa ameshaozwa. Ule ulikuwa mnada ulio wazi kabisa, na ulikuwa fedheha. Ni kweli. Lakini tazama kilichoufanya fedheha: aliyenadiwa alikuwa mtu, tena mtoto, asiyekuwa na sauti katika mauzo, kama wale wa Gondokoro. Dawa yake si kuificha bei ya kila kitu. Ni kuweka wazi nani ana haki ya kuuza, na nini hakiuzwi kamwe. Mwenye bunduki naye hapendelei uwanja wa wazi kama tunavyodhani. Mali nyingi anayochukua huichukua mahali ambapo hakuna aliyeshuhudia bei.

Na hapa Katiba ya Mpito ya 2011 ina la kusema. Kifungu cha 16 kinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki mali na kupata fungu katika mirathi ya mumewe pamoja na warithi wengine halali. Fungu ni neno la hesabu. Mahakama haiwezi kumpa mjane fungu la gari ambalo thamani yake inajulikana kwa shemeji mmoja tu, aliyeliuza usiku mtaani Gudele kwa rafiki yake. Watetezi wa mila wanasema mali ikibaki ukoo, mjane na watoto hulindwa, na kwa zizi la ng'ombe hoja hiyo ina uzito, maana ng'ombe huzaa na maziwa hufika jikoni. Gari halizai. Likikaa uani bila kuuzwa linampunja mjane kila mwaka, na likiuzwa gizani linampunja mara moja. Marehemu aendelee kuwa mmiliki wa jina lake, wa watoto wake, hata wa ng'ombe wake. Land Cruiser linahitaji mmiliki anayeweza kutia saini.

Mnada wa mirathi, basi, hautaletwa New Site na dalali kutoka Nairobi mwenye kipaza sauti na nyundo. Utaletwa na karatasi za kweli, na hizo zinaweza kuanza kabla ya mahakama kutengemaa na kabla ya pauni kutulia. Mwenye kushika funguo za gari la marehemu leo aandike namba ya chesisi na ya injini, aandike lilitoka wapi, liliingia nchini mwaka gani na kwa mpaka upi, nani aliliendesha na katika safari zipi, na kama kuna picha azibandike. Wazee wa ukoo wawili watie dole gumba, na mjane naye atie lake. Nakala ya kwanza akabidhiwe mjane.